Palakona ya babu na mabati ya mama mkubwa

  

Leo naomba tuongelee urithi. Usishtuke! Sina maana ya nyumba ya Magomeni wala shamba la Kibaha, yale mambo ya kupelekana mahakamani na kuchukiana hadi makaburini. Naongelea urithi mdogomdogo, kile kitu kimoja kilichoning'inia ukutani miaka nenda miaka rudi. Mzee akiwa hai hakuna anayekitaka. Akifumba macho tu, kila mtu anakumbuka kwamba aliahidiwa yeye!

Kwa wengine ni redio ya mbao. Kwa wengine ni cherehani ya Singer au baiskeli ya Raleigh isiyo na breki. Kwetu sisi ni fimbo ya kuvulia samaki. Cheka, ruksa. Lakini fimbo hiyo imewakalisha watu wazima kwenye mkeka kuanzia adhuhuri hadi taa zinawashwa.

Tuelewane kwanza. Sisemi ule ufito ambao watoto wa hapa wanakata porini, wakafunga mshipi na ndoano, wakachimba nyambo, kisha hao wakateremka mtoni. Hii ni fimbo ya Kizungu, ya mwanzi, ndefu futi tisa na nusu, yenye vipande vitatu vinavyochomekana kwa viungo vya shaba. Karibu na mshikio kuna maandishi ya wino: Hardy, Alnwick. Na neno jingine: Palakona.

Hardy ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1872 katika mji huo wa Alnwick, na Palakona ndilo jina la biashara walilozipa fimbo zao za mwanzi. Sasa sisi watoto wa Ngerengere nani angetwambia? Tulijua ni neno la Kiluguru cha ndani, cha wazee. Wengine walikuwa wanaapa kwamba ni jina la mzimu wa mtoni. Mpaka leo nyumbani hakuna anayesema fimbo. Ni Palakona. "Lete Palakona." "Palakona imepanguswa?" Utadhani ni ndugu yetu.

Ilifikaje huku? Babu mzaa mama alikuwa dereva wa meneja kwenye shamba moja la mkonge. Wenye umri wao wanakumbuka Ngerengere ya wakati huo: reli, mkonge, kengele ya asubuhi, na watu wa makabila yote waliokuja kukata majani. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na duniani hakuna aliyetufikia. Dhahabu ya kijani, walisema.

Bwana meneja alikuwa Mwingereza mwenye ugonjwa mmoja: kuvua. Akipata likizo anamwambia babu awashe gari, wanakamata barabara ya Iringa hadi Mufindi kwenye baridi. Huko kuna samaki anaitwa trauti, anayependa maji ya baridi yanayokimbia. Si mwenyeji wa Afrika Mashariki, aliletwa. Kule Kenya ilikuwa mwaka 1905, pale Ewart Grogan, yule bwana aliyepata sifa kwa safari yake kutoka Rasi hadi Cairo, alipoleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakawekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka 1948 kikajengwa kituo kizima cha kuzalisha trauti pale Kiganjo. Huku kwetu nako wakapandikizwa katika mito ya nyanda za juu.

Babu alikuwa akisimulia habari za Mufindi mpaka anatokwa machozi kwa kicheko. "Mjukuu wangu, nilimwona mtu mzima, mwenye mshahara, anamdanganya samaki kwa manyoya ya kuku!" Na kweli. Uvuvi ule hauna nyambo. Ndoano inavishwa manyoya na nyuzi ifanane na nzi, maana trauti anakula wadudu wanaotua juu ya maji. Nzi huyo wa bandia hana uzito wa kurushwa, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, mzito, na fimbo lazima iwe laini ya kuyumba kama mjeledi.

Hapo ndipo mwanzi unapoingia. Mafundi wanachukua mwanzi wa China, wa jimbo la Guangdong, ambao katika biashara unaitwa Tonkin. Wanaupasua vipande vyembamba, kila kimoja wanakichonga pembe tatu, kisha vipande sita wanavibandika kwa gundi viwe fimbo moja yenye pembe sita. Nguvu ya mwanzi ipo kwenye nyuzinyuzi za nje karibu na ganda, ndiyo maana huondoa nyama ya ndani na kuacha ngozi. Kisha wanafunga pete za kupitishia mshipi kwa uzi wa hariri na kupaka vanishi. Kazi ya mikono, ya siku nyingi. Si mchezo!

Basi bwana, mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwaka huohuo Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Meneja akafungasha. Siku ya kuondoka mwaka 1968 akamkabidhi babu vitu viwili: koti la mvua na Palakona. Koti halikukaa sana. Palakona ikabaki.

Unafikiri babu alifuata manyoya ya kuku? Thubutu! Alifunga mshipi wa nailoni, akachomeka nyambo, akaenda zake mto Ngerengere kuvua kambale. Fimbo iliyochongwa kwa ajili ya samaki wa kiungwana ikaishia kuvuta kambale wa topeni, yule mwenye sharubu, ambaye ukimtupa kikapuni saa nzima bado anakutazama kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya nje. Nadhani Hardy wenyewe wangeona, wangekaa chini. Lakini mboga ilipatikana, na mama zetu wakasoma.

Kuna jambo moja huwa nalifikiria nikiitazama. Fimbo za namna ile baadaye ziliuawa sokoni na nyuzi za kioo, halafu nyuzi za kaboni, nyepesi na rahisi kutengeneza kiwandani. Mkonge nao ulipigwa na kamba za plastiki. Yaani fimbo ya meneja na shamba lake vilikutana na adui wa aina moja, nyuzi za kiwandani. Kimoja kikabaki mashina yaliyozeeka, kingine kikabaki ukutani kwa babu.

Sasa tuje kwenye kiini.

Palakona ina makovu matatu, na kila kovu lina mwaka wake. La kwanza lipo kipande cha kati. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, vitu vya nyumbani vilipakiwa kwenye lori, kinu kikaikandamiza fimbo, ikapasuka. Babu aliifunga kwa uzi wa katani alioukokota mwenyewe, akausaga kwa nta. Mwanzi wa China, gundi ya Uingereza, bandeji ya mkonge wa Ngerengere!

La pili ni pete moja ya mshipi. Ile ya asili ilipotea mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera, wakati maduka hayakuwa na kitu na sabuni ilikuwa habari ya kunong'onezana. Babu akakata spoku ya baiskeli, akaipinda, akaifunga. Ipo mpaka leo, imekaa upande kidogo kama kofia ya mlevi.

La tatu ni mshikio. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliingiza maji ndani, Palakona ikalala kwenye tope siku kadhaa, kizibo cha mshikio kikabanduka. Mama mkubwa ndiye aliyekizungushia mpira wa tyubu. Ukiushika mpira ule unasikia mahali vidole vya babu vilipozoea kukaa.

Babu alifariki mwaka 2019. Siku ya arobaini, baada ya wageni kula, ndipo Palakona ilipoletwa mkekani na balaa likaanza.

Kwa Waluguru, msomaji, ukoo unafuata upande wa mama. Mrithi wa mwanamume kwa desturi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Hata majina makubwa hurithiwa. Kule Kinole jina la Kingalu limepita kutoka chifu mmoja hadi mwingine, mtu anakufa, jina linabaki. Kwa hiyo mpwa wa babu, ambaye sisi tunamwita mjomba wa Kinole, alitulia akasema taratibu kwamba kitu cha mjomba wake ni cha ukoo wake. Mjomba wa Dar, mtoto wa kuzaa wa marehemu, akasema zama hizo zimepita, watoto wapo. Na mama mkubwa, aliyemuuguza mzee miaka minne bila kupokezana na mtu, hakusema kitu. Alikuwa anaosha sufuria.

Wakavutana. Maneno yakaanza kuwa makali, ya "wewe ulikuwa wapi" na "mwulizeni mama yenu".

Hapo akainuka mtani. Wanaojua msiba wa kwetu wanajua kazi ya mtani. Siku nzima alikuwa ameshikilia Palakona, akinasa watu mifukoni kwa ndoano isiyo na ncha na kudai shilingi mia tano, "marehemu ananidai kambale wangu!" Sasa akaikamata fimbo, akaichomoa kiungo kwa kiungo, akavitupa vipande vitatu mkekani. "Haya, mafisi nyie, gawaneni nyama. Kila mmoja paja lake!"

Watu wakacheka. Lakini bibi, dada yake babu, hakucheka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mtani kasema kweli."

Ikawa hivyo. Shina lenye mshikio na maandishi likaenda Kinole, kwa mpwa. Kipande cha kati, chenye bandeji ya katani, kikaenda Dar. Ncha akapewa mama mkubwa. Bibi alisema samaki akigusa chambo, ncha ndiyo inayojua kwanza, na maumivu ya mzee aliyeyajua kwanza ni huyu. Mama mkubwa akaacha sufuria, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Masharti yakawa mawili. Kila mwaka siku ya dua, vipande virudi Ngerengere, fimbo iunganishwe, wajukuu waende mtoni. Na hakuna wa kuuza bila wenzake. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, mjomba hana kisingizio tena. Anakuja na kipande chake ndani ya bomba la plastiki, abiria wenzake wanadhani ni fundi wa maji.

Ungefikiri mambo yameishia hapo. Wapi! Ameibuka mnunuzi.

Ni mtu wa Dar anayekusanya vitu vya kale. Mjomba alimwonyesha picha kwenye simu, jamaa akapagawa. Akataja shilingi milioni moja na nusu, taslimu. Kwa huku kwetu huo si mshiko mdogo. Nyumba ya mama mkubwa inavuja. Mvua ikinyesha usiku tunapanga mabeseni kama watu wa bendi, kila moja lina sauti yake. Fedha hiyo inaezeka nyumba nzima na chenji inabaki. Na mjomba ana mtoto chuoni. Kwa hiyo nisisikie mtu anamwita msaliti. Kupenda kumbukumbu ni rahisi ukiwa umelala pakavu.

Lakini mnunuzi ana masharti. Kwanza, hataki kipande, anataka vyote vitatu. Hapo ndipo nilipoiona akili ya bibi! Pili, alipoambiwa habari za matengenezo, akasema yale yanashusha bei. Atatoa uzi wa katani afunge hariri. Atang'oa spoku aweke pete ya asili. Mpira wa tyubu utakwenda jalalani, kizibo kipya kitawekwa. Iwe kama ilivyotoka dukani.

Simlaumu. Yeye ananunua Hardy ya Alnwick. Kwake makovu yale ni uharibifu. Kwetu sisi, ukiondoa makovu, kilichobaki ni fimbo ya Mzungu mmoja aliyeondoka zamani. Babu hayumo kwenye maandishi ya wino. Yumo kwenye katani. Operesheni Vijiji imo mle, njaa ya maduka matupu imo mle, El Nino imo mle, na vidole vya mama mkubwa akifunga tyubu. Kinachoshusha bei kwake ndicho kinachopandisha thamani kwetu. Mizani mbili hizi hazitakubaliana hata mkikesha.

Na usidhani mambo haya ni ya watu wa Ngerengere tu. Ernest Hemingway, mwandishi maarufu wa Marekani aliyewahi kuja kuwinda hapa Tanganyika, alikuwa mpenzi mkubwa wa uvuvi wa nzi wa bandia. Mwaka 1940 sanduku lake la vifaa vya kuvulia lilipotea likisafirishwa kwa reli. Mwanawe Jack alisimulia kwamba baada ya hapo baba yake karibu aache kabisa uvuvi wa namna ile. Tajiri yule angeweza kununua vipya dukani siku hiyohiyo. Fimbo yake moja iliyosalimika, Hardy vilevile, iko katika jumba la makumbusho la wavuvi hao huko Vermont, Marekani. Sasa jiulize, watu wanakwenda kuitazama kwa ajili ya mwanzi?

Mwaka huu kwenye dua suala la kuuza lilirudi mezani. Mjomba wa Kinole akakataa. Mjomba wa Dar akamgeukia dada yake, maana nyumba inayovuja ni yake, kura ni yake. Mama mkubwa akaikamata ncha, akaipangusa kwa kanga, akasema, "Mabati nitanunua ufuta ukikubali. Nikinunua kwa hii, kila mvua ikinyesha nitamsikia baba juu ya dari." Mjomba akainamisha kichwa. Hakuna aliyempigia makofi mama mkubwa, maana mabeseni bado yapo. Ila sisi wajukuu tumeanza kuchanga, bati moja moja. Tumefikisha saba.

Sasa wewe msomaji, nakupa kazi ya nyumbani, tena usiichelewe. Kama mzee wako yu hai, chukua daftari la shule, kaa naye jioni, mwulize kila kovu la kile kitu chake. Aliyekipasua nani? Kilifungwa mwaka gani? Uzi ulitoka wapi? Andika na majina. Maana kitu bila hadithi yake ni kuni tu, na hadithi hairithiwi kwa kugawana mkekani, inarithiwa kwa kuuliza mapema. Ikitokea siku shida imewabana mkauza, basi mtauza mti, maneno yatabaki kwenu.

Na kama bahati imekuangukia ukawa na fimbo ya mwanzi kama yetu, msiiegemeze ukutani, itapinda na kubaki hivyo. Isikae juani wala juu ya jiko. Ukitoka mtoni ipanguse ikauke, chomoa viungo siku hiyohiyo visije vikagandana, kisha itundike ndani ya mfuko wa kitambaa. Na itumie! Mwanzi hauchoki kwa kuvua, unachoka kwa kusahauliwa.

Mto wetu nao si ule wa babu, maji yamepungua na kambale wamekuwa wajanja. Mwaka huu tulipata wawili tu, wembamba kama kalamu yangu. Tuliwala watu kumi na tisa, na mchuzi ukabaki.

Nawaaga kwa leo. Wiki ijayo nina kisa cha bibi harusi aliyekwenda na kuku wake ukweni. Usikose!